Mdhibiti Haazimi Elimu kwa Anayemdhibiti

Katika muda wa miaka ishirini na ushei iliyopita, serikali za Afrika ya Mashariki zimetunga sheria nyingi za kusimamia masoko na kuunda mamlaka moja baada ya nyingine, zikazipa majengo, mihuri na bodi. Na mtu akizihesabu kwa upande wa Tanzania peke yake ataikuta Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 2001, Mamlaka ya Mawasiliano na Tume ya Ushindani zilizotokana na sheria za mwaka 2003, na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliyoirithi SUMATRA mwaka 2019. Bei ya maji ya bombani, bei ya umeme, bei ya petroli, nauli ya basi liendalo mkoani na gharama ya kupiga simu, zote hupita mikononi mwa taasisi hizi kwa njia moja au nyingine. Kilichoahirishwa siku zote, hadi pengo lake likazoeleka, ni kuwalea wataalamu wa kiwango cha juu kabisa wa kazi yenyewe, watu waliozama katika uchumi wa udhibiti wa masoko mpaka shahada ya uzamivu, na kuwalea hapa hapa petu. Dai la makala haya ni kwamba mafunzo hayo si anasa ya wasomi, bali ni kiungo cha chombo chenyewe cha udhibiti, na yastahili kugharimiwa kwa fedha zile zile zinazotozwa kwa ajili ya udhibiti.

Kazi ya kuliangalia soko si ngeni kwa watu wa mwambao, wenye dini na biashara ya karne nyingi. Miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, aliyezunguka sokoni akikagua mizani na vipimo, na al-Mawardi, kadhi aliyefariki Baghdad mwaka 1058, aliandika kwa tafsili masharti ya cheo hicho. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, akaongeza upambanuzi ambao wachumi wa leo hawajauacha: ya kuwa kuwapangia watu bei pale wanapouziana kwa ridhaa, na bei ikawa imepanda kwa uchache wa bidhaa au wingi wa wanunuzi, ni dhuluma, lakini pale wauzaji walipohodhi kitu ambacho watu hawana budi nacho, kuwalazimisha wakiuze kwa thamani ya haki ni wajibu. Muhtasibu, hata hivyo, alikuwa na bahati moja ambayo mdhibiti wa zama zetu hanayo: mizani iliyopunjwa aliweza kuishika kwa mkono wake. Udanganyifu wa siku hizi umelala ndani ya vitabu vya hesabu, katika thamani ya mitambo, katika muda wa uchakavu na katika riba ya mikopo, na mwenye vitabu ndiye anayejua yaliyomo.

Hapa ndipo ilipo shida ya asili ya udhibiti. Kampuni inajua gharama zake, mdhibiti hazijui. Kampuni inajua kama imejitahidi au imezembea, naye huona matokeo tu. Mwaka 1971, George Stigler wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza kwamba aghalabu udhibiti huishia kutekwa na wale wale uliokusudiwa kuwadhibiti, kwa kuwa wao ni wachache, wana maslahi makubwa na wanajipanga, ilhali walaji ni wengi na kila mmoja hupunjwa kidogo. Baadaye Wafaransa wawili, Jean-Jacques Laffont na Jean Tirole, walilichukua swali hilo wakalijenga upya, na kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya motisha katika ununuzi wa umma na udhibiti ndicho kilichokuwa nguzo ya fani hii. Tirole akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2014, miaka kumi baada ya kifo cha mwenziwe.

Kiini cha fundisho lao chaweza kuelezwa bila ya hisabati. Usiiulize kampuni gharama yake ni kiasi gani, maana itakuambia iliyo kubwa. Ipe mikataba miwili ichague. Wa kwanza unaifungia bei na kuiachia faida yote itakayotokana na kubana matumizi. Wa pili unairudishia gharama zake zilizokaguliwa, lakini faida yake ni ndogo. Kampuni iliyo hodari, ambayo gharama zake ni nafuu, itaukimbilia ule wa kwanza, na ile isiyoweza itakubali wa pili. Na kwa uchaguzi wake kila moja itakuwa imetoa siri ambayo isingeitoa kwa kuulizwa. Kulisema jambo hili ni rahisi, bali kuiandika mikataba hiyo kwa shirika la umeme au la maji, kwa tarakimu zitakazostahimili hoja za mawakili na wahasibu wa upande wa pili, ni kazi ya mtu aliyesomea nadharia hiyo miaka, akaijaribu kwa takwimu, akahojiwa na waliomtangulia.

Na ihudhuriwe taftishi ya bei ya maji, yaani kikao cha hadhara cha kuyasikiliza maombi ya bei, ionekane kazi hiyo inavyohitajika. Mbele huketi mwombaji, yaani mamlaka ya maji ya mji, na mkabrasha mzito wa hesabu juu ya meza. Huwapo wajumbe wa baraza la ushauri la watumiaji. Na ukumbini huwamo wananchi, wanaonyoosha mikono wakalalamikia mgawo, mita zinazozunguka kwa upepo, na bili za miezi ambayo bomba halikutoa hata tone. Malalamiko hayo ni ya haki, na hapana budi yasikilizwe. Lakini hayamwambii mdhibiti jambo analopaswa kulijua kabla ya kutia saini, nalo ni kama gharama zilizoandikwa mkabrashani ni za lazima au sehemu yake ni za uzembe. Mji wa Moshi hupata maji yake mengi katika chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro, nayo hushuka kwa uzito wake yenyewe. Dar es Salaam huyachota mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, huyasafisha, kisha huyasukuma kwa pampu za umeme masafa marefu hadi mjini. Anayelinganisha gharama za miji hii miwili bila ya kuzingatia tofauti hiyo ataidhulumu Dar es Salaam, na anayeizingatia kupita kiasi ataipa kila mamlaka ya maji kisingizio cha kudumu.

Wachumi wameshughulika sana na tatizo hilo. Mwaka 1985 Andrei Shleifer alionyesha kwamba hata mashirika yasiyoshindana sokoni yaweza kushindanishwa kwa kipimo, kila moja likapewa bei inayotokana na gharama za wenziwe na si gharama zake lenyewe, maadamu tofauti za mazingira zimeondolewa kwa hesabu iliyo sahihi. Tanzania ina mamlaka nyingi za maji, na EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka hizo, ambamo zimo takwimu za maji yaliyozalishwa, yaliyopotea na yaliyolipiwa. Ni hazina ya miaka mingi, ambayo mwanafunzi wa uzamivu mwenye msimamizi hodari angeweza kuifanyia kazi akatenganisha lililoletwa na jiografia na lililoletwa na uzembe, na tasnifu yake ikawa silaha ya mlaji katika kila taftishi itakayofuata.

Mfano wa pili uko katika simu za mkononi. Mteja wa mtandao mmoja anapompigia mteja wa mtandao mwingine, mtandao wa mpigaji huulipa ule wa mpigiwa ada ya mwingiliano, na ada hiyo ikiwa kubwa, kupiga nje ya mtandao huwa ghali, watu wakakusanyika walipo jamaa zao, na mtandao mkubwa ukazidi kukua kwa sababu tu ni mkubwa. Mwaka 2010 mdhibiti wa mawasiliano wa Kenya aliishusha ada hiyo kutoka shilingi 4.42 hadi shilingi 2.21 kwa dakika, na mara vita vya bei vikazuka baina ya makampuni. Msingi wa nadharia ya ushindani wa mitandao inayounganishwa namna hii uliandikwa mwaka 1998, katika kazi za Mark Armstrong kwa upande mmoja, na za Laffont, Patrick Rey na Tirole kwa upande wa pili. Lakini mteja aliyefikiriwa katika nadharia hiyo ni mtu mwenye laini moja, ambaye hupiga na kupigiwa kwa uwiano. Mteja wa Kisumu au wa Tanga ana laini mbili au tatu, hununua vocha ya siku, na akiishiwa hubipu ili apigiwe. Kwa hiyo yule mwenye uwezo humlipia asiye nacho, na mkondo wa simu huelemea upande mmoja. Kubipu kwetu ni mzaha, lakini kwa mchumi ni hoja nzito, kwa kuwa kunabadili hesabu ya nani anufaike na nani aumie ada ikishushwa. Swali hilo halitaulizwa Chicago wala Toulouse, mji wa Laffont na Tirole, si kwa ubaya wa watu wa huko, bali kwa kuwa hawajapata kubipiwa.

Laffont mwenyewe aliliona hili. Katika kitabu chake cha mwisho juu ya udhibiti na maendeleo, kilichotoka mwaka 2005 naye amekwisha fariki, alishikilia kwamba kanuni za nchi tajiri haziwezi kuhamishwa zilivyo kwenda katika nchi ambazo shilingi ya kodi hukusanywa kwa taabu kubwa, ukaguzi ni dhaifu, mikataba huvunjwa bila ya adhabu, na mdhibiti hushawishika. Kila udhaifu mmojawapo, alisema, hubadili sheria ipi iliyo bora. Maana ya maneno hayo kwetu ni dhahiri shahiri: sehemu muhimu ya elimu hii bado haijaandikwa, na hapana wa kutuandikia.

Gharama ya kuikosa elimu hiyo tumekwisha ionja. Mwaka 1995, Tanzania ikiwa imesongwa na ukame uliopunguza umeme wa maji, mkataba ulitiwa saini na kampuni ya IPTL wa kituo cha megawati 100 huko Tegeta, ambao uliibebesha TANESCO, shirika la umeme la taifa, wajibu wa kulipia uwezo wa mitambo hata isipozalisha umeme. Mzozo ulipozuka, hoja mojawapo kubwa ilikuwa aina ya injini: mkataba ulitaja zile za mwendo wa polepole, zikafungwa za mwendo wa kati, nazo bei yake si moja. Shauri lilifika kwa wasuluhishi wa kimataifa, gharama zikapunguzwa, lakini madai yaliyotokana na mkataba huo yaliendelea kuisumbua nchi miaka mingi baadaye. Rushwa imesemwa sana katika habari hiyo, na isemwe; ila hata taifa la malaika watupu lingepunjwa, kama hapana mezani mtu wa kujua injini hii na ile zinatofautianaje kwa gharama ya mtaji, na gharama hiyo inaingiaje katika bei ya uniti miaka ishirini mbele.

Yasemwe sasa mafunzo yenyewe. Mwanafunzi wa uzamivu wa fani hii huanza na masomo ya darasani yapata mwaka au zaidi: nadharia ya uchumi wa mtu na kampuni, nadharia ya michezo, ekonometriki, kisha huingia katika uchumi wa viwanda, minada, mikataba na motisha, kisha hukaa na swali lake miaka miwili, mitatu au minne, mpaka alijibu kwa namna itakayowaridhisha mabingwa wasiomjua. Kozi fupi, kama ile ya wiki mbili ambayo Chuo Kikuu cha Florida kimekuwa kikiwapa wadhibiti wa nchi mbalimbali kwa ushirikiano na Benki ya Dunia tangu mwaka 1997, ni jambo la ihsani na lina faida yake. Humpa ofisa msamiati, marafiki, na maswali yaliyokwisha kuulizwa kwingine. Haimpi uwezo wa kuuliza swali jipya, wala wa kumwambia mshauri mwelekezi aliyelipwa na kampuni kwamba jedwali lake la tatu limekosewa.

Msingi wa kujengea upo. Shirika la utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, lililoanzishwa mwaka 1988 na kuweka makao yake Nairobi, lilizindua mwaka 2002 programu ya pamoja ya uzamivu, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Nairobi ni miongoni mwa vinavyotoa shahada zake; wanafunzi husoma masomo ya msingi vyuoni, hukutanishwa kwa masomo ya ubingwa, kisha hurudi kuandika tasnifu. Hekima ya mpango huo ni kukiri kwamba hakuna chuo kimoja chenye walimu wa kila tawi, na kwamba wachache waliotawanyika wakikusanywa hutosha. Kinachohitajika ni kulipatia tawi la udhibiti wa masoko nafasi yake kamili ndani ya mpango wa namna hiyo, likawa na walimu wa kudumu, data na wanafunzi wa kila mwaka.

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba tukimsomesha mtu miaka mitano atakimbilia Washington au atanunuliwa na kampuni ya simu. Ni kweli kwamba baadhi watakwenda. Lakini watu huhama kwa sababu ya mshahara na zaidi kwa kukosa kazi inayolingana na walichosomea, na daktari wa uchumi anayerudi akakabidhiwa kitengo cha safari na posho hana sababu ya kubaki. Wa pili watasema kwamba nchi imejaa watu wanaoutafuta udaktari kwa ajili ya kuitwa madaktari. Hao wapo, na dawa yao ni ugumu wa mtihani, si kuufunga mlango. Wa tatu, walio werevu zaidi, watauliza kama wasomi hawa hawatatuzidishia kanuni. Jibu lao ni Alfred Kahn, profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyeandika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kitabu cha juzuu mbili juu ya uchumi wa udhibiti, akateuliwa mwaka 1977 kuiongoza bodi iliyopanga nauli na njia za ndege Marekani, na kwa elimu ile ile akasaidia kuthibitisha kwamba bodi hiyo haihitajiki. Sheria ya kuufungua usafiri wa anga ikapita mwaka 1978, na bodi ikafungwa mwaka 1985. Bingwa wa kweli hujua pa kushika na pa kuachia.

Lipo pia la nani alipe. Laffont, mzaliwa wa Toulouse aliyepata uzamivu wake Harvard mwaka 1975, alirudi kwao akaanzisha mwaka 1990 taasisi ya uchumi wa viwanda, naye Tirole akaiacha MIT ya Marekani akamfuata. Na mji usiokuwa makao makuu ya nchi ukawa kitovu cha fani hii duniani. Fedha zao nyingi zilitokana na mikataba ya utafiti na makampuni makubwa na mashirika ya umma, na wakosoaji hawakuacha kuuliza kama msomi anayelipwa na kampuni anaweza kuisimanga. Ufaransa yenye magazeti mengi na vyuo vingi yaweza kulibeba swali hilo. Sisi, ambao mabingwa wetu watahesabika kwa vidole, hatuwezi. Mlipaji wetu na awe ni mlaji mwenyewe, ambaye tayari anachangia mamlaka hizi kupitia tozo zinazokatwa katika mapato ya makampuni na kurudi kwake ndani ya bei.

Basi na ifanywe hivi. Mamlaka za udhibiti za Tanzania, Kenya na Uganda zitenge sehemu ndogo ya tozo zao iwe mfuko mmoja wa ufadhili wa uzamivu, ulio chini ya vyuo vikuu, wala si chini ya mamlaka wala ya kampuni yoyote. Takwimu zinazoletwa katika maombi ya bei, baada ya muda uliowekwa na kwa hifadhi ya siri za biashara zilizo za kweli, wafunguliwe watafiti. Anayefadhiliwa afungwe kwa mkataba wa kutumika miaka maalumu, ama kwa mdhibiti ama darasani, na asiruhusiwe kuhamia moja kwa moja katika kampuni aliyokuwa akiidhibiti. Na kila tasnifu iambatane na muhtasari wa Kiswahili fasaha, ili baraza la watumiaji na mwananchi wa ukumbini waje katika taftishi na hoja badala ya malalamiko peke yake.

Gharama ya haya yote ni ndogo mno mbele ya gharama ya mkataba mmoja mbaya wa umeme. Waheshimiwa mawaziri na wakuu wa mamlaka hawangoji sheria mpya wala msaada wa nje ili waanze. Wanangoja uamuzi wao wenyewe, na bajeti ijayo ndiyo mahali pake. Mdhibiti anayetegemea hesabu za anayemdhibiti ni karani wake, hata akiwa na muhuri wa serikali.